Mteja Mwingine Anastaafu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Shangazi, kama sote tunavyomwita, anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya udalali wa nyumba kwa miaka ishirini na sita. Kwenye karatasi za mshahara cheo chake ni Msaidizi wa Maonyesho. Mjini hakuna anayemjua kwa cheo hicho, na ingekuwa balaa kama wangemjua. Sisi tulio naye kila siku tunajua kazi yake halisi: Shangazi ndiye mteja mwingine.

Kwa manufaa ya wafanyakazi wapya, niifafanue kazi hiyo. Mnunuzi anafika na dalali kuangalia nyumba. Anakuta kuta zina nyufa na bei ni ndefu kama namba ya simu. Anakunja uso ili apunguziwe. Mara anamwona mama mmoja wa heshima, amekwisha kutangulia sebuleni, anapima dirisha kwa futi ya fundi cherehani na kuuliza kama mapazia yanabaki. Basi, hapo hapo ile nyumba ya nyufa inageuka kuwa nyumba yake mnunuzi, ambayo mtu baki anataka kumnyang'anya mchana kweupe. Wengi wameahidi kutoa arubuni kabla hawajafika jikoni. Yule mama ni Shangazi, na futi ni ya ofisi.

Mimi ndiye ninayeandika matangazo ya nyumba hapa, kwa hiyo Mkurugenzi alipotaka mtu wa kuandika wasifu huu alinigeukia mimi. Aliniagiza niandike vizuri na niandike kweli. Nilimwomba achague kimoja, akasema nijaribu vyote viwili, nisimsumbue.

Shangazi hakuajiriwa kwa kazi hii. Alikuja kama karani wa mapokezi, dada mwembamba mwenye viatu vilivyombana. Siku moja Mkurugenzi, ambaye enzi hizo bado alikuwa na nywele, alimchukua akamsaidie kubeba funguo kwenye nyumba iliyokosa mnunuzi mpaka popo wakahamia. Shangazi alipofika alivua viatu, akajitupa kwenye kochi, akawa anatazama dari bila hili wala lile. Wakaingia mume na mke. Wakamwona dada amevua viatu, ametulia tuli, hana haraka. Mke akamvuta mume pembeni, mume naye akamvuta Mkurugenzi pembeni, na Shangazi hajamaliza kufunga kamba za viatu, nyumba imeshauzwa, na popo wake ndani. Kesho yake mapokezi aliletwa mtu mwingine. Mpaka leo Mkurugenzi anasema wazo lile lilikuwa lake.

Tangu siku hiyo Shangazi aliipanda kazi yake kama ngazi. Ndiye aliyembuni Mume wa Simu, ambaye alizungumza naye kwa simu iliyozimwa huku wanunuzi wakitega masikio. Mwanzoni mume huyo alikuwa fundi wa umeme. Bei zilipoanza kupaa naye akapaa, akawa mhandisi wa meli, kisha daktari wa macho. Alikuwa mkali, ana fedha taslimu, na sikuzote alikuwa njiani anakuja. Watu walimwogopa yule bwana, wee! Kuna mnunuzi mmoja aliyeinyakua nyumba akamwonea Shangazi huruma, akamwomba amfikishie mzee salamu na amwambie asikasirike sana. Shangazi akazifikisha pale pale. Yeye mwenyewe hakuwahi kuolewa, na akiulizwa sababu husema huyo wa simu anamtosha, maana hana ndugu wa kuja kukaa mwezi mzima.

Silaha yake kubwa zaidi ilikuwa kuponda. Alikuwa akisimama katikati ya sebule na kuisema nyumba vibaya kwa sauti: choo kidogo, jua linachoma upande mbaya, mtaa una mbwa wengi, jamani watu watalalaje hapa? Wanunuzi wa mji huu ni wajanja, na ujanja wao ndio unaotulisha. Wanajua kwamba mtu anayeiponda nyumba halafu haondoki, huyo anaitaka, anawafukuza wenzake tu. Kila alivyozidi kuiponda ndivyo nao walivyozidi kupandisha. Mimi kwenye matangazo naandika kinyume: chumba kisicho na dirisha ni chumba tulivu, nyumba iliyo kando ya reli ina usafiri mlangoni, paa linalovuja linaleta hewa safi. Nasifu usiku na mchana, lakini kuponda kwake kumeuza nyumba nyingi kuliko sifa zangu zote, na nimelikubali hilo shingo upande.

Haikuwa raha mtindo mmoja. Kulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyekuwa anatafuta nyumba, yeye na mkewe na watoto. Kila nyumba aliyokwenda alimkuta Shangazi, na kila alipomkuta Shangazi bei iliruka ikamwacha chini. Mwalimu alijua hesabu zote isipokuwa hiyo. Yeye alidhani mama yule naye ni mtafutaji mwenye mkosi kama yeye, anayekosa kila mahali. Siku moja akamsubiri getini, akampa pole, akamwambia asikate tamaa kwani hata yeye atapata pa kukaa, na kwamba akisikia nyumba ya bei ya watu wa kawaida atamtafuta amwambie. Shangazi alirudi ofisini hakunywa chai. Mara iliyofuata aliposikia kwamba mwalimu ndiye anakuja kuangalia nyumba, alisema jino linamuuma, akabaki ofisini akiwa ameshika shavu. Siku hiyo mwalimu alinunua nyumba kwa bei ile ile iliyoandikwa kwenye tangazo. Jambo kama hilo lilikuwa halijawahi kutokea katika ofisi hii, na Mkurugenzi alitaka uchunguzi ufanyike.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Mkurugenzi ameniomba nilipunguze. Shangazi hakuwa na nyumba. Aliyewauzia wenzake nyumba mtaa kwa mtaa alikuwa mpangaji, katika kijumba cha vyumba viwili, sebule na jiko, nyuma ya karakana ya seremala. Amekaa humo miaka na miaka. Mwenye nyumba alikuwa mzee mstaarabu, hapandishi kodi ovyo, naye Shangazi alikuwa anadunduliza polepole ili siku mzee akitaka kuuza, yeye awe wa kwanza kuulizwa. Hilo ndilo lililokuwa tumaini lake la uzeeni, hakuwa na jingine.

Mwaka huu mzee akahamia kwa binti yake, akaamua kuuza. Kwa bahati mbaya alikuja kwetu kuomba ushauri. Akasema ana mpangaji mwaminifu na angependa kumuuzia yeye kwanza, akataja na bei. Mkurugenzi aliposikia bei ile alishika kifua. Akamkalisha mzee, akamwagizia chai, akamweleza habari za soko kwa upole kama anayempa mtu habari za msiba. Bei ikawa mara mbili kabla chai haijapoa.

Shangazi alipopata habari alikwenda kwa Mkurugenzi, akamwomba nyumba ile aachiwe yeye kwa bei ya mzee, kwa ajili ya hiyo miaka yote. Mkurugenzi akamwambia inamuuma sana, anatamani, lakini ofisi ina maadili yake na haiwezi kupendelea mtu. Maadili hayo ndiyo kwanza tulikuwa tunayasikia. Kisha akamkumbusha kwamba Jumamosi kuna wanunuzi wa kuja kuiona, na kwa kuwa yeye anaishi humo humo, ofisi itaokoa nauli.

Jumamosi hiyo mimi ndiye niliyewapeleka. Shangazi alitufungulia mlango amevaa nguo za nyumbani, macho mekundu. Alikuwa ameamua kusema kweli tupu. Akawaambia wale wanunuzi kwamba paa linavuja juu ya kitanda, kwamba maji hutoka yanapotaka yenyewe, kwamba seremala wa mbele anawasha msumeno alfajiri na hauzimwi mpaka giza. Akawaonyesha ukuta wa jiko ulivyovimba kwa unyevu, akaugusa, plasta ikamwangukia mkononi. Nilisikia uchungu kwenye sauti yake. Wanunuzi wakatazamana. Mama mmoja akamfinya mumewe. Mwanamume mwingine akaninong'oneza kwamba huyu mwanamke anajifanya, ameshaipenda, haki ya nani yeye leo hamwachii. Kabla jua halijazama familia mbili zilikuwa zinapandiana bei kwa simu, zimekwishaipita hata ile bei maradufu ya Mkurugenzi.

Mkurugenzi alimpigia Shangazi kumpongeza. Akamwambia hajawahi kuona kazi safi kama ile tangu aanze udalali, na kwamba ofisi itamtunuku kalenda ya ukutani. Shangazi alikata simu, akaketi kwenye sakafu ya jiko, akalia. Nalisema kwa ruhusa yake. Aliniambia kilichomuumiza si bei tu. Maisha yake yote alikuwa amesema uongo akaaminiwa, na siku aliyosema kweli, kwa jambo lake mwenyewe, hakuna aliyemsadiki.

Familia iliyoshinda ilikwenda benki kuomba mkopo. Mthamini wa benki alikuja, akaangalia paa, akaangalia jiko, akauliza bei, akacheka mpaka akavua miwani akaifuta. Mkopo ukakataliwa. Wale wa pili waliposikia wenzao wamejitoa, wakashtuka wakala kona. Nyumba ikarudi kwetu. Jumatatu iliyofuata Shangazi akaingia kwa Mkurugenzi, hakuomba bei, hakuomba huruma. Aliomba likizo. Likizo zote ambazo hakuwahi kuchukua, kwa mpigo. Sheria ilikuwa upande wake, Mkurugenzi akasaini huku akimeza mate. Shangazi akaniachia ufunguo, akaenda zake kukaa kwa mdogo wake.

Basi ndipo nilipoelewa yule mwanamke alikuwa na thamani gani. Niliwapeleka wanunuzi kwenye nyumba ile, wakakuta kimya. Hakuna anayepima dirisha. Hakuna anayeponda choo. Waliingia na hamu yao, wakageuka huku na huku, wakaanza kuniuliza kwa nini wako peke yao. Mmoja alitaka kujua kama kuna mtu aliuawa humo. Mwingine alikagua kila kona, hakuona kitu ambacho hakukitegemea, na hilo likamtia hofu kuliko yote; akasema kitu kizuri kisingekosa watu. Wote waliondoka wakisema watapiga simu. Mpaka leo tunazisubiri.

Mkurugenzi akajaribu kuziba pengo. Akamtuma mhasibu wetu akawe mteja mwingine. Maskini mhasibu alikwenda, akasimama sebuleni, mnunuzi akamuuliza anaionaje. Yeye akatoa kikokotoo mfukoni, akapiga hesabu, akamweleza yule bwana kwa uaminifu kabisa kwamba kwa bei hii hata wajukuu zake watakuwa bado wanalipa. Mnunuzi akamshukuru, akampa lifti mpaka ofisini. Mkurugenzi hakumtuma tena.

Mimi nikawa nabadilisha tangazo. Tulianza na nyumba ya kipekee, tukashuka kwenye nyumba nzuri, tukafika kwenye nyumba tu, halafu tukaongeza kwamba bei inazungumzika. Mwishowe binti wa mzee akapiga simu kwa hasira. Akasema baba yake hana raha, anauliza kila siku kama nyumba imeuzwa, na kwamba sisi ndio tuliomjaza tamaa asiyokuwa nayo. Mzee mwenyewe akachukua simu, akasema auziwe yeyote atakayetoa ile bei aliyoitaja siku ya kwanza, yaishe. Mkurugenzi akaafiki, huku uso umemshuka.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ofisini kwa Mkurugenzi na tangazo jipya mkononi, Shangazi akaingia. Likizo yake ilikuwa bado haijaisha. Alivaa gauni lake zuri, akaketi upande wa wateja, ambako hakuwahi kuketi, akaweka mkoba mapajani. Akasema anainunua nyumba ya mzee, kwa bei ya mzee, na akiba yake iko tayari benki.

Mkurugenzi alimtazama. Sijui kilimpata nini. Nadhani ni mazoea tu, mdomo ulitangulia. Akasema angefurahi sana, ila ajue kwamba kuna mteja mwingine, ana fedha taslimu, yuko njiani anakuja.

Mhasibu alichungulia mlangoni. Nilitegemea Shangazi aangue kicheko tuvunjike mbavu wote, maana hapa duniani hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye kwamba mtu huyo hayuko. Hakucheka. Uso ulimbadilika, jasho likamtoka juu ya mdomo, vidole vikaanza kufungua na kufunga zipu ya mkoba. Baadaye alituambia kwamba moyo ulimwenda mbio kama mwizi kamwingilia ndani. Alijua ni uongo, tena uongo wake mwenyewe, na bado aliiona ile nyumba inaondoka. Kwenye ncha ya ulimi alikuwa na bei kubwa zaidi. Akasema ndipo alipofahamu walichokuwa wanakisikia wale watu wote, na alimkumbuka mwalimu wa hesabu, akaona haya.

Kisha akavuta pumzi. Akamwambia Mkurugenzi kwamba hakuna shida, atamsubiri huyo mteja, angependa kumwona. Akachukua kiti, akakiweka karibu na mlango wa mbele, akaketi.

Alikaa hapo kutwa. Watu waliingia kuulizia nyumba, akawaamkia vizuri, akaendelea kusubiri. Mkurugenzi akaanza kumwambia bwana mmoja kwamba kuna mteja mwing... akamwona Shangazi anainua shingo kwa hamu, kama anayetaka kutambulishwa. Akapatwa na kikohozi. Alijaribu kwa mwingine, hali ikawa ile ile. Siku nzima hatukupandisha bei ya hata kibanda cha kuku. Kesho yake tulipofungua tulimkuta ameshafika, amekuja na mto wa kukalia. Wateja wakaanza kumuuliza anasubiri nini, naye akawaeleza kwa adabu kwamba anamsubiri mteja mwingine, kwani wao wamemwona? Mmoja wao akafikiri kidogo, akatoka nje kuwapigia simu jamaa zake waliowahi kununua nyumba kwetu. Mchana haujafika, Mkurugenzi alitoka na mkataba mwenyewe, na kalamu ameshaitoa kifuniko. Bei ilikuwa ile ya mzee.

Nilikwenda kumtembelea wiki iliyopita, kuuliza habari za kuandika hapa. Paa linavuja bado, msumeno wa seremala unalia bado, na niliketi jikoni nikinywa chai na kuongea kwa kuinua sauti. Pembeni mwa kabati ilikuwa imeegemezwa picha ya wazazi wake yenye fremu kubwa. Akanieleza kwamba mzee hakuwa na masharti mengi, ila moja alilisisitiza: mpangaji asitoboe ukuta. Kwa hiyo miaka yote hiyo baba na mama walikaa chini, wameegemea kabati, na kila akifagia anawahamisha. Akasimama, akanishika mkono, akanipeleka sebuleni kunionyesha kitu. Kulikuwa na msumari mmoja ukutani, umepinda, plasta imebanduka pembeni. Alikuwa ameupigilia mwenyewe siku aliyopata hati, na picha alikuwa bado hajaitundika. Alisema kwanza anataka kuutazama msumari.

Shangazi, ofisi inakushukuru kwa kazi uliyotufanyia, na mimi nakushukuru zaidi kwa hizo siku mbili ulizokaa mlangoni. Tumekuchangia zawadi ndogo: nyundo, na misumari ya kila saizi. Piga popote unapotaka. Uishi miaka mingi yenye raha, ukiwa kwako.